Kivuli cha karavani: siku tisa ufukweni na Doa

Siku ya 1

Tumetoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri, giza bado, mi na mume wangu na kijana wetu wa miaka 9 na Doa, mbwa wetu wa miaka saba, mweupe mwili mzima isipokuwa sikio moja jeusi ndo maana akaitwa hivyo. Doa alikaa siti ya nyuma na kijana, amefungwa mkanda wake wa kifuani. Sio ndani ya karavani, ile nyumba ndogo ya magurudumu tunayoivuta nyuma ya gari. Watu wananiulizaga kwa nini tusimwache ajinyooshe huko nyuma kwenye nafasi, na jibu ni kwamba karavani ikivutwa inaruka na kuyumba kuliko gari lenyewe, vitu vinadondoka, ikipigwa breki ya ghafla hana pa kujishikiza, na akizidiwa na joto hakuna atakayemwona. Kwa hiyo tunakaa nae, na kila masaa mawili tunasimama anywe maji, akojoe, anuse nuse, tunaendelea.

Hatujafika mbali lori likatupita kwa kasi na karavani ikaanza kutingisha mkia, kushoto kulia kushoto kulia, moyo ulinipasuka. Mume wangu akatoa mguu kwenye mafuta taratibu, akashika usukani ukiwa umenyooka, breki hakugusa, ikatulia yenyewe. Hapo ndo watu wengi wanapinduka, wanakanyaga breki kwa nguvu au wanazungusha usukani kuifuata. Tukaegesha pembeni kutafuta chanzo na kumbe chanzo ni mimi, nilipanga madumu matatu ya maji ya lita 20 nyuma kabisa chini ya dirisha, na lita moja ya maji ni kilo moja, yaani kilo 60 zimekaa mkiani zinanyanyua pua, ile sehemu ya mbele inayofungwa kwenye gari. Uzito unaoikalia ndoano ya gari unatakiwa uwe kama asilimia 5 mpaka 7 ya uzito wa karavani ikiwa imeshapakiwa, na yetu ina kilo 1,100 hivi, so pua iwe na kilo 55 mpaka 77. Tukahamisha madumu yakae sakafuni juu ya ekseli, pale kwenye magurudumu. Baada ya hapo ilifuata gari kama mtoto aliyeshikwa mkono.

Tumefika saa nane mchana. Eneo lenyewe ni ukanda mrefu, huku miti huku mchanga, na watu wameshajaa maana likizo ndo imeanza. Jirani yetu ni mzee mmoja na mke wake, wana karavani ya zamani imetunzwa vizuri mno. Nikamsalimia, "Shikamoo mzee," akaitikia, "Marahaba mwanangu, naona mmekuja na askari." Halafu akaangalia tulivyoegesha na akasema kwa upole kabisa, "Geuzeni pua iangalie upepo unakotoka. Najua dirisha kubwa mnataka liangalie bahari, lakini ubavu msiupe upepo." Akatuonyesha na mstari wa mwani mkavu pale mchangani, akasema hapo ndo maji yalipofika mara ya mwisho yalipopanda sana, kaeni juu yake na mwongeze hatua kadhaa. Tukageuza. Ilituuma kidogo kupoteza ile picha ya dirishani ila tuligeuza.

Kuipanga karavani ni kazi yenye mpangilio wake, kabari kwenye magurudumu kwanza, halafu pimamaji juu ya meza, tairi ya chini inapandishwa kwenye ubao mpaka kila kitu kiwe sawa, ndo unashusha miguu ya pembeni. Miguu ya pembeni sio jeki, inashikilia tu, ukiinulia nayo unapinda fremu. Na friji letu ni lile la gesi, likikaa upande halipozi.

Doa akagoma kuingia. Ngazi zetu ni za chuma zenye matundu, anaona ardhi chini yake, akawa anaweka mguu mmoja anautoa. Kijana akatandika kipande cha mkeka juu ya kila kidato, akakaa mlangoni kimya bila kumwita wala kumvuta. Ikapita kama nusu saa. Akapanda.

Siku ya 2

Asubuhi ya kwanza ya kweli. Saa kumi na mbili na nusu tuko nje, maji yanapwa, na kadiri yanavyorudi nyuma unapata ufukwe mgumu mzuri wa kutembea, hauzami, mbwa anakimbia bila kujichosha. Maji yalipwa kabisa saa tatu na dakika tano. Nimeanza kuandika masaa haya kwenye daftari sababu ukiwa na mbwa bahari ndo inakupangia ratiba, kutoka maji kujaa mpaka kujaa tena ni kama masaa 12 na dakika 25, kwa hiyo kila siku muda unasogea mbele kama dakika 50. Maana yake huu mchanga mgumu wa asubuhi tulioupata leo kesho utachelewa, keshokutwa utachelewa zaidi, na jua halichelewi.

Mchanga mkavu kufika saa tano haufai tena kwa mbwa. Kipimo ni rahisi, bonyeza mgongo wa kiganja chako kwenye mchanga uhesabu mpaka saba, ukishindwa kuvumilia basi na yeye nyayo zake zitaungua. Watu wanasahau, wao wamevaa ndala.

Na joto la mbwa sio kama letu. Hatoi jasho mwili mzima, anapoza mwili kwa kuhema, pamoja na kijasho kidogo cha kwenye nyayo. Joto lake la kawaida ni nyuzi 38.3 mpaka 39.2, yaani hata akiwa mzima anaanzia juu kuliko sisi, na akivuka 41 ni hatari kubwa ya haraka. Mchana karavani ikifungwa ni oveni, na gari ni mbaya zaidi, ndani ya dakika 10 tu joto linaweza kupanda nyuzi 10 juu ya lile la nje, na kuacha kioo wazi kidogo hakusaidii. Kwa hiyo tumekubaliana sheria moja safari hii nzima, Doa haachwi ndani peke yake mchana, hata kwa "narudi sasa hivi".

Mwenyewe kashapata dawa yake. Asubuhi amelala upande wa magharibi wa karavani ambako kuna kivuli, saa sita akaingia chini kabisa katikati ya magurudumu, saa tisa akatokea upande wa pili akalala huko. Anazunguka na kivuli kama mshale wa saa. Bakuli lake la maji tukawa tunalihamisha kumfuata.

Siku ya 3

Siku mbaya, na ilianza vizuri.

Kijana alikuwa anarusha mpira majini Doa anaufuata, anarudi nao, anarushiwa tena. Ilipendeza kumwangalia, anaogelea kichwa juu, sikio jeusi limelowa limemng'ang'ania shavuni. Tukamwachia kama saa nzima. Kitu ambacho sikukifikiria ni kwamba mbwa akishika mpira majini mdomo uko wazi, kila akiubeba anameza maji ya bahari, na maji ya bahari yana chumvi kama gramu 35 kwa lita. Chumvi ikiwa nyingi tumboni inavuta maji kutoka mwilini badala ya kumpa, yaani anavyozidi kunywa ndo anavyozidi kukauka.

Saa saba akatapika. Saa nane akaharisha maji matupu, halafu akaja akalala miguuni kwangu bila hata kutafuta kivuli, na hapo ndo nikajua hili sio dogo. Nikampigia daktari wake wa mifugo. Akaniuliza anatembea sawa, hayumbi, hatetemeki? Nikasema anatembea ila mnyonge. Akasema basi toeni mchezo wote, mpeni maji baridi safi kidogo kidogo mara kwa mara, msimwachie bakuli zima alimalize kwa mkupuo maana atatapika tena, na mkiona anayumba au anakakamaa au kutapika hakuishi mkimbizeni kwa daktari aliye karibu bila kusubiri asubuhi. Tukapanga zamu. Mume wangu alishika mpaka saa sita usiku, mi nikashika kuanzia hapo, kila robo saa vijiko vichache vya maji, mkono wangu shingoni kwake. Kijana aligoma kulala, akaniambia kwa sauti ndogo, "Mama, mimi ndo nilirusha." Nikamwambia tulirusha wote, mimi nilikuwa nimekaa naangalia na sikumwambia aache.

Nje mwezi ulikuwa mpevu, mweupe, unaona mpaka kamba za turubai. Saa tisa usiku akakojoa kawaida, akanusa mlango wa friji. Nililia.

Siku ya 4

Mapumziko. Doa mzima lakini mzito, tumemwacha kwenye kivuli chake.

Sasa hapa kuna kitu kilinisumbua tangu tufike. Mbwa anataka kivuli, paneli ya sola inataka jua, na paneli yetu iko juu ya paa la hiyo hiyo karavani tuliyoiweka chini ya mti kwa ajili ya mbwa. Betri yetu ni ya asidi ya 100Ah (ampea-saa, kipimo cha umeme inaoutunza), na hizo ukitaka zidumu usizitumie chini ya nusu, kwa hiyo kiukweli tuna 50 tu za kuchezea, na feni ya usiku, taa na pampu ya maji vyote vinakula humo humo. Asubuhi ya leo betri ilikuwa imeshuka kuliko ninavyopenda. Tungesogea juani tupate umeme, halafu huo umeme tuutumie kuendesha feni ya kupoza karavani iliyopigwa na jua, haina maana. Mume wangu akatoa paneli ndogo ya kubebeka, akaunga waya mrefu, akaipeleka juani mbali kama mita nane, kila baada ya muda anaigeuza. Ikatosha. Karavani ikabaki kivulini na Doa na kivuli chake.

Jioni wakati napika nikagundua kitu kilichonitoa jasho jembamba. Godoro la Doa tulikuwa tumeliweka karibu na jiko maana anapenda kulala karibu na watu, na chini ya lile godoro ndo lilipo tundu la hewa la sakafuni. Lile tundu halikuwekwa kwa bahati mbaya. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja inashuka na kukaa chini kama maji, na tundu lipo ili itoke nje. Usiku tatu tumelala limezibwa na godoro, na anayelala chini kabisa, pale gesi ingekusanyika kwanza, ni yeye. Tumelihamisha, nimesafisha mchanga ulioingia kwenye wavu wake, nikapaka mpira wa gesi maji ya sabuni kuangalia mapovu, hamna kitu. Na kengele ya kaboni monoksaidi nimeibonyeza kuijaribu, maana hiyo ni ishu nyingine tofauti, haina harufu hata kidogo.

Siku ya 5

Tuliamka saa kumi na mbili maji bado yako juu, ufukwe mwembamba, mchanga laini mtupu. Tukatembea kidogo kamba mkononi. Mawimbi yameleta yavuyavu wengi, wamekufa wametapakaa, na Doa pua yake iko kila mahali. Yavuyavu hata akiwa amekufa mkavu bado anawasha, mbwa akimnusa au akimlamba anavimba mdomo. Na ndoano za wavuvi, na nyuzi za nyavu. Nimefurahi kamba ilikuwepo. Kwanza mchangani kuna kaa wamechimba na sehemu nyingine kasa wanataga, mbwa akiachiwa tu anafukua, hajui anafukua nini.

Mchana nikamwona yule mzee ameshuka kwenda kuongea na vijana waliopiga mahema chini ya mstari wa mwani, karibu kabisa na maji. Bamvua hiyo, anawaambia, mwezi umekuwa mpevu juzi, maji makubwa yenyewe ni leo na kesho. Walimsikiliza kwa heshima, wakasogeza viti.

Jioni upepo ukabadilika. Tukakunja turubai la mbele lote, hatukuacha hata nusu.

Siku ya 6

Saa kumi na nusu alfajiri. Upepo unapiga pua ya karavani na karavani inatikisika kwa mbele na nyuma, haiyumbi ubavu, na nikiwa nimelala pale nilikuwa namshukuru mzee kila upepo ulipovuma. Doa alikuwa chini ya meza anatetemeka meno. Halafu tukasikia watu wanaita.

Maji yalikuwa yanaingia kwenye mahema. Bamvua peke yake pengine yasingefika, lakini upepo ulikuwa unayasukuma juu. Mume wangu akatoka na tochi, mzee kashatoka tayari, na mimi nikabaki mlangoni nimegawanyika, kule watu wanavuta magodoro yaliyolowa, huku mbwa kanishika kwa macho. Kijana akasema, "Nenda mama, mi nipo nae." Akashuka chini ya meza akalala pembeni yake, akajifunika nae shuka moja. Nikaenda.

Tulivuta kila kitu juu, mahema mawili yalikuwa yamejaa mchanga na maji yamekuwa mazito kama mzoga wa ng'ombe, watu saba kwa hema moja. Hakuna aliyeumia. Magari yao waliyaacha juu kwenye ardhi ngumu, hiyo iliwaokoa. Maji yalipanda mpaka saa kumi na mbili hivi, yakasimama hatua nne chini ya gurudumu letu, nilizihesabu, halafu polepole yakaanza kurudi. Mzee hakusema neno lolote la "niliwaambia". Alichemsha chai sufuria kubwa akawagawia wote.

Nikarudi ndani nikawakuta wamelala, kijana na Doa, bado chini ya meza.

Siku ya 7

Kutwa nzima kuanika. Mchanga uko kwenye kitanda, kwenye sukari, kwenye bawaba za mlango. Tumeweka beseni la maji mlangoni, Doa anaoshwa miguu kila akipanda maana chumvi na mchanga katikati ya vidole vinamchubua, na mwenyewe kashajua, anafika anasimama ananyoosha mguu mmoja baada ya mwingine.

Usiku huu ni mkesha wa mwaka mpya na tulijua kutakuwa na fataki. Tukamtembeza mapema kabla giza halijaingia ili asiombe kutoka baadae, kola yenye namba yetu ya simu ikabaki shingoni, tukafunga madirisha na mapazia, feni ikapewa kasi ya juu ili ifunike sauti. Kuna watu wanaamini ukimbembeleza mbwa mwenye woga unamfundisha woga. Si kweli, woga sio tabia anayoifanya ili apewe zawadi, anaogopa tu, na ukiwa karibu woga unapungua kidogo. Zilipoanza alipanda kitandani kwangu, kitu ambacho haruhusiwi, akaweka kichwa juu ya tumbo langu. Nikamwekea mkono. Mwezi ulichelewa kuchomoza, kama saa nne hivi, kila siku nao unachelewa kama maji yanavyochelewa, na ziliponyamaza fataki saa saba kasoro alikuwa bado ameniegemea.

Siku ya 8

Siku nzuri kuliko zote na sina mengi ya kuiandika. Bahari imetulia, maji yalijaa asubuhi, mchana tulilala wote wanne chini ya kivuli. Jioni Doa akaingia majini hadi kifuani, dakika kumi namtoa, anakunywa maji safi, anapumzika, dakika kumi tena. Bila mpira. Kijana alikuwa anaogelea pembeni yake.

Siku ya 9

Kuondoka. Miguu ya pembeni juu, gesi imefungwa kwenye mtungi wenyewe sio kwenye jiko tu, tangi la maji machafu tumemwaga panapotakiwa, na choo pia, madumu matupu yamekaa juu ya ekseli, taa za breki na indiketa tumejaribu kijana akiwa amesimama nyuma anapaza sauti. Mume wangu alimwagia breki na uvungu wote maji yasiyo na chumvi kutoa chumvi ya bahari, na nyumbani ataurudia vizuri maana chuma cha pwani hakisubiri. Mzee na mkewe walikuja kutuaga. Mama akamkuna Doa nyuma ya lile sikio jeusi, akasema, "Mwende salama wanangu, na huyu mwanangu mwingine." Doa akakaa miguuni kwake mpaka tukamwita mara mbili.

Njiani karavani imenyooka, malori yamepita matatu makubwa na haikutingishika.

Saa saba mchana tukasimama kwenye kituo cha mafuta, jua limesimama wima, lami inatoa mvuke, nilijaribu mkono na sikufika hata tatu. Nikasema tumbebe mpaka kwenye majani. Kijana akafungua mlango kabla sijamaliza, Doa akaruka, akapita moja kwa moja bila kunusa chochote mpaka kwenye karavani, akaingia chini katikati ya magurudumu, akazunguka mara mbili akalala kwenye lile doa la kivuli, akaweka kidevu juu ya miguu.

"Mama," kijana akasema, "anadhani tumeshafika."

Mume wangu alikuwa ameshika funguo. Akazirudisha mfukoni, akaenda kuchukua bakuli la maji.